Tokeni za Vipindi vya Mifumo: Ufunguo Asiouona Mwananchi, Wajibu Usiokwepeka wa Mtengenezaji

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kwa miaka kadhaa sasa wananchi wamekuwa wakikumbushwa kulinda nywila zao: zisiwe fupi, zisitokane na tarehe ya kuzaliwa na asipewe mtu mwingine. Ukumbusho huo ni sahihi na unapaswa kuendelea. Hata hivyo, katika mifumo inayotumika kupitia intaneti, nywila hufanya kazi mara moja tu, pale mtumiaji anapoingia. Baada ya hapo, kazi ya kumtambua hufanywa na kitu kingine ambacho mwananchi hakukichagua, hakioni na hana uwezo wa kukibadilisha. Kitu hicho huitwa tokeni ya kipindi.

Neno tokeni si geni kwa Watanzania. Mteja wa umeme wa LUKU hupokea tokeni ya tarakimu 20, huiingiza katika mita na umeme hupatikana. Mita haiulizi aliyebonyeza ni nani. Huangalia kama namba ni sahihi. Tokeni ya kipindi hufuata mantiki inayofanana na hiyo. Mtumiaji akishathibitisha jina na nywila, seva hukipatia kivinjari chake mfuatano wa herufi na tarakimu. Kuanzia hapo, kila ukurasa anaoufungua huombwa kwa kuonesha mfuatano huo, hadi atakapotoka katika mfumo au muda wa kipindi utakapokwisha.

Utaratibu huu ulitokana na hitaji halisi. Itifaki ya HTTP, ambayo ndiyo lugha ya mawasiliano kati ya kivinjari na seva, haina kumbukumbu: kila ombi hupokelewa kana kwamba limetoka kwa mgeni. Mwaka 1994, Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alibuni vidakuzi, yaani taarifa fupi ambazo seva hukikabidhi kivinjari, nacho huzirudisha katika kila ombi linalofuata. Tokeni ya kipindi kwa kawaida husafiri ndani ya kidakuzi cha aina hiyo. Bila utaratibu huo, mwananchi angelazimika kuandika nywila kila anapobonyeza kitufe.

Manufaa hayo yana gharama yake. Mfumo unamwamini anayeshika tokeni, awe ndiye mwenye akaunti au siye. Mtu mwingine akiipata au akiibahatisha, hahitaji tena nywila wala ujumbe wa uthibitisho unaotumwa kwenye simu, kwa kuwa hatua hizo zimekwishapitwa. Ataona anachokiona mwenye akaunti na kufanya anachoruhusiwa kufanya mwenye akaunti, na kumbukumbu za mfumo zitaonesha kuwa ni mwenye akaunti ndiye aliyefanya.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakati huu. Maombi ya ajira na mikopo ya elimu ya juu, usajili wa biashara, ulipaji wa kodi na zabuni za umma vimehamia kwa kiasi kikubwa katika mifumo ya kielektroniki. Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya Mwaka 2019 imeweka msingi wa kuisimamia mifumo ya taasisi za umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa kuchukua hatua za kiusalama ili taarifa zisifikiwe na wasiohusika. Makala haya hayazungumzii dosari ya mfumo wowote wa hapa nchini. Yanaeleza hatua mojawapo ya kiusalama ambayo haionekani kwa macho na ambayo, kwa sababu hiyo, ni rahisi kusahauliwa wakati mfumo unatengenezwa au unapokelewa.

Upekee si usiri

Kosa la kwanza katika utengenezaji wa tokeni ni kudhani kuwa kitu cha kipekee ni salama. Namba ya usajili wa gari ni ya kipekee. Hakuna magari mawili yanayoruhusiwa kuwa na namba moja. Lakini aliyeiona namba yenye mwisho wa 451 anajua kuwa ipo au itakuwapo yenye mwisho wa 452. Namba ya Kitambulisho cha Taifa nayo ni ya kipekee, lakini tarakimu zake nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye nayo. Namba hizo zinafaa kabisa kwa kazi zilizokusudiwa, ambayo ni kutambulisha. Hazikubuniwa ziwe siri.

Tokeni ya kipindi inatakiwa kuwa na sifa zote mbili. Ni lazima iwe ya kipekee, kwani watumiaji wawili wakipewa tokeni moja, mmoja ataona taarifa za mwingine bila hata kukusudia. Ni lazima pia isiweze kutabirika, hata kwa mtu anayeujua mfumo vizuri, aliyeziona tokeni nyingi zilizotangulia na anayefahamu saa ambayo mwenye akaunti aliingia. Sifa hii ya pili ndiyo inayoshindwa mara nyingi, kwa sababu kushindwa kwake hakuleti hitilafu yoyote wakati wa majaribio. Mfumo wenye tokeni dhaifu hufunguka, hufanya kazi na hupendeza sawasawa na ule wenye tokeni imara.

Chukua mfano wa mtengenezaji anayetumia saa ya seva, hadi sehemu ya milioni moja ya sekunde, kuunda tokeni. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi uniqid, mojawapo ya kazi zilizomo katika lugha ya PHP inayotumika sana kutengeneza tovuti. Seva nyingi hutaja saa zake katika kila jibu zinalotoa. Mdukuzi anayejua sekunde ambayo mwananchi aliingia anabakiwa na uwezekano 1,000,000 tu. Akijaribu mara 1,000 kwa sekunde, atakuwa amemaliza zote katika dakika 16 na sekunde 40.

Baadhi ya watengenezaji huona udhaifu huo na kuupitisha muda katika kanuni ya MD5 au SHA-1, ili kupata mfuatano mrefu usiosomeka. Huko ni kubadilisha sura bila kubadilisha kiini. Mdukuzi naye anaweza kuipitisha kila sehemu ya sekunde katika kanuni ileile na kupata orodha ileile ya majibu milioni moja. Urefu wa tokeni unaoonekana kwa macho hauongezi usalama iwapo chanzo chake kina uwezekano mchache.

Nasibu ya kweli na nasibu ya kuigiza

Kosa la pili ni gumu zaidi kulitambua. Mtengenezaji anajua kuwa tokeni inatakiwa kuwa ya nasibu, hivyo anatumia kanuni ya kuzalisha namba za nasibu iliyopo katika lugha yake ya programu. Lakini kompyuta ni mashine ya kufuata maelekezo. Kanuni nyingi za aina hiyo huanza na namba moja iitwayo mbegu, kisha huzalisha mfululizo unaofanana na wa nasibu. Anayeijua mbegu au hali ya ndani ya kanuni anaujua mfululizo wote.

Mfano maarufu ni kanuni ya Mersenne Twister, iliyobuniwa mwaka 1997 na watafiti wa Japani, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura. Ni kanuni nzuri kwa michezo ya kompyuta, sampuli za kitakwimu na uigaji wa kisayansi, na imetumika katika lugha kama Python na PHP. Hata hivyo, mtu akiona matokeo yake 624 mfululizo, kila moja likiwa kamili la biti 32, anaweza kukokotoa hali yake ya ndani na kutabiri yote yanayofuata. Wabunifu wake hawakuikusudia kwa kazi za siri. Kuitumia kutengeneza tokeni ni kukipa chombo kazi isiyo yake.

Ndiyo maana mifumo endeshi ya kompyuta ina chanzo maalumu cha nasibu kwa kazi za usalama. Chanzo hicho hukusanya mabadiliko yasiyotabirika kutoka katika mashine yenyewe, kama vile tofauti ndogo za muda wa matukio ya vifaa, na kuyachanganya kwa kanuni za kriptografia, kiasi kwamba anayeona matokeo hawezi kurudi nyuma wala kutabiri yajayo. Lugha za programu zimekirahisishia mtengenezaji njia ya kukifikia. PHP, kuanzia toleo la 7.0 la mwaka 2015, ina random_bytes. Python, kuanzia toleo la 3.6 la mwaka 2016, ina moduli ya secrets. Java ina SecureRandom. Kwa kawaida, tofauti kati ya tokeni dhaifu na imara ni mstari mmoja wa msimbo.

Hesabu inasemaje

Ukubwa wa tokeni nao una hesabu yake. Tokeni yenye biti 32 za nasibu ina uwezekano wa takriban bilioni 4.3. Idadi hiyo inaonekana kubwa, lakini haitoshi. Katika kundi la watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unazidi asilimia 50, ingawa mwaka una siku 365. Kwa hesabu hiyohiyo, tokeni za biti 32 zikifika takriban 77,000 zilizo hai kwa wakati mmoja, uwezekano wa mbili kufanana unafikia nusu.

Kwa upande wa kubahatisha, mdukuzi hahitaji kumlenga mtu fulani. Mfumo wenye vipindi 10,000 vilivyo hai una majibu sahihi 10,000. Kwa tokeni za biti 32, atahitaji kwa wastani majaribio yapatayo 430,000 ili kuipata mojawapo. Akiwa na kasi ya majaribio 1,000 kwa sekunde, kazi hiyo ni ya takriban dakika saba.

Tokeni ikiwa na biti 128, ambazo ni baiti 16 tu na huandikwa kwa herufi na tarakimu 32, idadi ya uwezekano inakuwa namba yenye tarakimu 39. Mtu akijaribu mara trilioni moja kila sekunde, kuimaliza orodha yote kutahitaji muda unaozidi umri wa ulimwengu, unaokadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8, kwa mamia ya mamilioni ya mara. Upekee nao hupatikana papo hapo, kwani uwezekano wa tokeni mbili kufanana unakuwa mdogo kiasi cha kutohitaji kufikiriwa. Hivyo sifa mbili zilizoonekana kuwa tofauti hutimizwa kwa hatua moja, iwapo chanzo cha nasibu ni sahihi.

Funzo kutoka nje

Historia inaonesha kuwa makosa haya hayachagui ukubwa wa taasisi. Mwezi Septemba 1995, Ian Goldberg na David Wagner, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionesha kuwa kivinjari cha Netscape kilipata mbegu yake ya nasibu kutokana na saa ya kompyuta na namba mbili za utambulisho wa programu zinazoendeshwa. Mawasiliano yaliyotangazwa kuwa salama kwa ajili ya biashara yaliweza kufumbuliwa kwa muda mfupi, kwa sababu siri ilitokana na vitu vinavyoweza kukisiwa.

Tarehe 13 Mei, 2008, mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo endeshi unaotumiwa na seva nyingi duniani, ulitangaza dosari iliyogunduliwa na Luciano Bello. Mabadiliko yaliyofanywa mwaka 2006 katika programu ya OpenSSL, kwa nia ya kuondoa onyo la chombo cha ukaguzi, yaliondoa karibu vyanzo vyote vya nasibu. Kilichobaki ni namba ya utambulisho wa programu, ambayo haikuzidi 32,768. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, funguo zilizozalishwa katika kompyuta hizo zilionekana za kawaida, huku orodha yake yote ikiweza kuandaliwa mapema na mtu yeyote. Hakuna mtumiaji aliyeona tofauti.

Matukio ya karibuni yanaongeza funzo jingine: tokeni iliyotengenezwa vizuri inaweza pia kuibwa. Tarehe 28 Septemba, 2018, kampuni ya Facebook ilitangaza kuwa dosari katika kipengele cha kumwezesha mtumiaji kutazama ukurasa wake kama unavyoonekana kwa wengine ilikuwa ikitoa tokeni za watu wengine. Kampuni ililazimika kubatilisha tokeni za akaunti zipatazo milioni 90, na baadaye ikaeleza kuwa tokeni za watu wapatao milioni 30 ziliibwa. Mwezi Desemba 2024, mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ireland iliitoza kampuni mama, Meta, faini ya euro milioni 251 kutokana na tukio hilo. Waliobebeshwa faini si watumiaji. Ni mwenye mfumo.

Mwezi Oktoba 2023, kampuni ya Citrix ya Marekani ilitangaza udhaifu katika vifaa vyake vya mtandao uliowawezesha wadukuzi kusoma tokeni za vipindi zilizokuwa katika kumbukumbu ya kifaa. Taasisi zilizosakinisha marekebisho zilidhani zimemaliza kazi, lakini tokeni zilizokwishaibwa ziliendelea kukubalika hadi vipindi vyote vilipofutwa. Uthibitisho wa hatua mbili haukusaidia, kwa kuwa tokeni hutolewa baada ya uthibitisho huo kukamilika.

Nini kifanyike

Kutokana na hayo, yapo mambo ambayo taasisi inayotengeneza au kununua mfumo inaweza kuyadai bila kuhitaji bajeti ya ziada. La kwanza ni kutumia utaratibu wa vipindi uliomo katika vifaa vinavyoaminika vya kutengenezea mifumo, kama Django au Laravel, badala ya kubuni wa kwake. Pale inapolazimu kutengeneza tokeni, chanzo kiwe kile cha kriptografia cha mfumo endeshi, na ukubwa usipungue biti 128. Tokeni isibebe ndani yake namba ya simu, namba ya kitambulisho, saa wala jina la mtumiaji.

La pili ni kuitunza tokeni katika uhai wake wote. Itolewe mpya kila mtumiaji anapothibitishwa, ili ile iliyokuwapo kabla ya kuingia isiendelee kutumika. Isiandikwe katika anwani ya ukurasa, kwani anwani hubaki katika historia ya kivinjari na hunakiliwa kwa wengine. Kidakuzi chake kiwekewe alama za Secure, HttpOnly na SameSite: ya kwanza hukizuia kusafiri katika mawasiliano yasiyosimbwa, ya pili huzuia msimbo wa ukurasa kukisoma, na ya tatu hupunguza uwezekano wa tovuti nyingine kukitumia kwa hila. Katika kanzidata, ihifadhiwe alama ya tokeni iliyopitishwa katika kanuni kama SHA-256, ili atakayeiba kanzidata asikute funguo zilizo tayari kutumika.

La tatu ni kuiua kwa wakati. Kitufe cha kutoka kinatakiwa kuifuta tokeni katika seva, si kuiondoa tu katika kivinjari. Kipindi kiwe na ukomo, na mfumo uwe na uwezo wa kufuta vipindi vyote kwa mara moja pale tukio linapobainika. Tukio la mwaka 2023 limeonesha kuwa uwezo huo hauna budi kuandaliwa kabla, na si kutafutwa wakati wa dharura.

La nne linawahusu maafisa wanaopokea mifumo. Hati ya mahitaji iseme wazi tokeni inatengenezwa kwa chanzo gani na ina biti ngapi. Wakati wa kupokea, msimbo husika ukaguliwe, tokeni chache zikusanywe na kulinganishwa, na ijaribiwe kama tokeni ya zamani inakubalika baada ya mtumiaji kutoka. Ikumbukwe kuwa majaribio ya kutazama tokeni pekee hayatoshi. Mfuatano uliotokana na saa na kupitishwa katika MD5 utaonekana wa nasibu kwa kila atakayeutazama. Ni msimbo unaoonesha ulikotoka.

Mwananchi naye ana sehemu yake, japo ni ndogo. Atoke katika mfumo anapomaliza, hasa akitumia kompyuta ya watu wengi, asibonyeze viungo asivyovijua na asisakinishe viongezo vya kivinjari asivyovihitaji. Zaidi ya hapo, hana namna ya kuikagua tokeni aliyopewa. Anaweza kuwa na nywila ndefu kuliko zote na bado akaunti yake ikafunguliwa na mtu mwingine kwa sababu aliyetengeneza mfumo alitumia saa ya seva.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia katika mfumo bila idhini, lakini sheria hiyo hufika baada ya madhara kutokea. Mwananchi aliyebadilishiwa maombi yake ya ajira siku ya mwisho, au mfanyabiashara ambaye zabuni yake imesomwa na mshindani, hatarejeshewa fursa hiyo kwa hukumu itakayotolewa miezi kadhaa baadaye. Ulinzi wa kweli upo katika hatua inayochukuliwa mapema na mtu ambaye mwananchi hatamfahamu kamwe, yaani mtengenezaji wa mfumo, pamoja na afisa atakayeuliza kabla ya kusaini kuupokea: tokeni hizi zinatoka wapi?